Ulimi wa Mjusi Si Mwiba

Wengi wetu tukimwona mjusi akitoatoa ulimi husema eti anatutukana, na papo hapo jiwe linarushwa. Anayeonewa zaidi ni kenge. Ulimi wake una panda mbili, basi watu wanadai ndiyo silaha yake. La hasha! Ulimi ule hauchomi mtu. Kazi yake kubwa ni kunusa.

Ulimi ukitoka nje hudaka chembechembe za harufu, na ukirudi kinywani, chembe hizo huingia katika kiungo kidogo kilichoko kwenye kaakaa, kiitwacho kiungo cha Jacobson. Hizo panda mbili humsaidia kenge kujua harufu imezidi upande gani, naye hufuata huko huko.

Sasa, mijusi huambiana nini kwa harufu? Wengi wao wana safu ya vitundu chini ya mapaja, na vya madume ndivyo vikubwa. Humo hutoka kitu kama nta, ambacho hubaki juu ya jiwe mjusi anapopita akijiburuta. Mwenziwe akija baadaye anaramba, na habari amepata: ni dume au jike, ni jirani au mgeni. Jirani huvumiliwa; mgeni ndiye hukiona cha mtema kuni! Kule Uhispania, mwaka wa 2006, wataalamu José Martín na Pilar López walieleza kwamba majike wa mijusi fulani wa milimani hupendelea harufu ya dume ambaye nta yake ina kwa wingi kemikali inayotengenezewa vitamini D. Kumbe hata afya ya mchumba hunuswa!

Lakini mimi aliyenishangaza kabisa ni mjusi wa Australia aitwaye Tiliqua rugosa, mnene, mzito wa mwendo. Dume na jike hukutana kila majira ya kuchipua, wawili wale wale, wengine kwa zaidi ya miaka 20. Majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mama humtambua mwanawe kwa harufu, akamtofautisha na mtoto wa mwingine.

Na yule wetu wa kichwa chekundu, anayetikisa kichwa juu ya mawe kama anayeitikia amri ya kiranja? Huyo hutegemea macho zaidi. Hata hivyo mtazameni vizuri kabla hamjaokota jiwe: naye pia hugusa mwamba kwa ulimi.