Mchongoano na Malezi: Fasihi ya Watoto wa Eastlands katika Shule ya Msingi

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini kote nchini Kenya mnamo Januari 2019, unataja maadili manane ambayo mwanafunzi anapaswa kukua nayo: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Hapana mzazi wa Kaloleni, Jericho wala Kayole atakayeyapinga. Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni je, mtoto wa mitaa hiyo huyafanyia mazoezi wapi, na kwa lugha ipi?

Jibu la haraka ni darasani. Hata hivyo, anayesimama uwanjani wakati wa mapumziko ataona kwamba mitihani mikubwa ya maadili hufanyika huko. Katika kati, mchezo ambao watoto wawili hurusha mpira nao walio katikati huukwepa, hakuna refa. Mpira ukimgusa mtu kidogo tu, yeye ndiye ajuaye, na ni juu yake kutoka au kukana. Katika brikicho, anayehesabu akiwa amefumba macho anaweza kuchungulia. Katika kalongolongo, ambapo watoto huigiza baba, mama na mgeni na kupika udongo kwenye makopo, mwalimu makini husikia jinsi watu wanavyosemeshana nyumbani. Si kazi yake kuhukumu, lakini ni vyema asikie.

Mchongoano ndio wenye utajiri zaidi. Huu ni ushindani wa maneno baina ya watoto wawili, wenzao wakiwa wamewazunguka. Mmoja humsuta mwenzake kuhusu umaskini, sura au ujinga, na kauli hujengwa kwa chuku inayoshikiliwa na neno “mpaka”. Tuchukue mfano ulioundwa kwa muundo huo: “Kwenu ni kadogo mpaka jua ikiingia nyinyi hutoka nje.” Hadhira ndiyo hakimu, nayo huamua kwa kicheko. Atakayekasirika amekwisha kushindwa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa jamaa wa karibu wa malumbano ya utani, ambayo hufundishwa katika shule za sekondari kama utanzu wenye heshima zake. Utani huo hukubalika kwa kuwa watani wanajua mipaka. Mchongoano nao una mipaka, ila watoto huichora wenyewe, papo kwa papo. Kumwambia mtoto kwamba nyumba yao ni ndogo kuliko mwanga wa jua ni mzaha iwapo wote wawili wanaishi katika vyumba vinavyolingana. Kumwambia hivyo mtoto ambaye familia yake imefurushwa wiki hiyo kwa kukosa kodi ni jambo jingine kabisa. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni anayeyapokea. Ni vigumu kupata somo la heshima lililo wazi kuliko hilo.

Kwa nini basi walimu wengi huuzima mara tu wanapousikia? Sababu ya kwanza ni matusi, na hofu hiyo ina msingi. Ya pili ni Sheng. Msimbo huo, ambao wataalamu wengi huhusisha chimbuko lake na mitaa hii ya mashariki ya Nairobi, umechukuliwa shuleni kama uchafu wa kufuliwa. Desturi hiyo ina mizizi katika ukoloni: mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivishwa monto, akatoka kumtafuta mwenzake wa kumkabidhi. Tendo hilo lilikusudiwa kufundisha lugha, lakini hakika lilifundisha usaliti. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo, lakini aibu ya lugha haihitaji kiboko.

Makala haya hayapendekezi Sheng iwe lugha ya kufundishia. Kiswahili sanifu ni haki ya mtoto wa Makadara sawa na wa Mvita, na kumnyima kwa kisingizio cha uhalisia ni kumdhulumu. Linalopendekezwa ni dogo zaidi. Mwalimu wa Gredi ya Tano aichukue kauli ya mchongoano, awaulize wanafunzi kwa nini “jua” lichukue “likiingia” badala ya “ikiingia”, kisha awaulize ni nani asiyefaa kuambiwa maneno hayo, na kwa nini. Sarufi na maadili yatakuwa yamefundishwa kwa pumzi moja.

Linganisha na matumizi ya methali katika insha. Chini ya mfumo wa 8-4-4, hadi mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, wanafunzi walikariri methali ili kuipamba aya ya kwanza na kujipatia alama. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu” iliandikwa na maelfu ya watoto ambao hawakuulizwa kamwe kama wakuu nao huweza kukosea. (Swali hilo, kwa kweli, ni zuri mno kuachiwa chuo kikuu.)

Yote haya yanahitaji uwanja. Tangu elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003, madarasa mengi ya umma yamefurika, na ardhi ya shule imemezewa mate. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang’ata Road walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipopinga kunyakuliwa kwa uwanja wao.

Ipo pia kazi inayowasubiri wasomaji wa jarida hili. Watafiti wa fasihi simulizi hupenda kusafiri kwenda Lamu au Pemba, ilhali Maringo na Buruburu zimo umbali wa nauli ya matatu moja. Atakayekwenda kukusanya michongoano aombe ridhaa ya wazazi na ya watoto wenyewe, na aondoe majina kwenye maandishi yake, maana vichekesho hivi hutaja nyumba za watu.