Yule "Mzee" wa Timu Msimcheke

Hebu jione uko kiwanjani hapa Karatu. Jua la saa kumi, vumbi jekundu limepanda mpaka kwenye soksi. Zimebaki dakika tatu mechi iishe na mnaongoza kwa pointi mbili. Unapewa mpira. Moyo unadunda, viganja vimelowa, mashabiki wanapiga kelele "Piga! Piga!" Unapiga kutoka mbali. Mpira haugusi hata chuma.

Kwani huna kipaji? Sivyo, rafiki. Ukipata hofu, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Inafaa sana ukikutana na nyati kule Ngorongoro, lakini kutupa mpira kunataka mkono uliolegea. Halafu kuna uchovu. Karatu tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda mpaka ukingo wa kreta unavuka mita 2,200. Hewa huko ni nyepesi, kila pumzi ina oksijeni pungufu. Aliyecheza dakika 37 bila kutolewa hafikiri sawasawa, na goti au kifundo chake kinaweza kuteguka kwa urahisi zaidi.

Sasa mtazame yule kaka mnayemtania "mzee". Mpira huo huo angeudunda kidogo, akatoa pumzi taratibu, akatazama saa. Timu ina sekunde 24 za kushambulia. Yeye angezitumia karibu zote, maana mnaongoza, haraka ya nini? Si uchawi. Amekwisha kosa mipira mingi ya namna hiyo, basi haimtishi tena.

Tatizo ni kwamba naye dakika zote 40 hawezi. Hapo ndipo kocha anatakiwa kutumia akili. Msimu wa 2013/14 San Antonio Spurs ya Marekani haikuwa na mchezaji hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi, wakati mechi za kule ni za dakika 48. Tim Duncan alikuwa na miaka 38 fainali zilipofika. Wakaifunga Miami Heat mechi nne kwa moja, wakachukua ubingwa.

Na kijana je? Naye anahitaji dakika za uhakika. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009, jambo kubwa mno. Lakini msimu wa kwanza Memphis Grizzlies ilimpa wastani wa dakika 13 tu, na Februari 2010 ikamshusha ligi ya chini kwa muda. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee ya mambo kumwendea vigumu. Ila wewe mwenyewe unajua: ukiingizwa ukiwaza kwamba kosa moja tu unarudi benchi, unacheza kwa woga.

Kwa hiyo zungumzeni na kocha kabla ya mechi. Kila mmoja ajue ataingia lini na atatoka lini. Kaka apumzike robo ya pili na sehemu ya tatu, anywe maji hata kama hana kiu, arudi dakika tano za mwisho akiwa na pumzi. Na wewe ukitolewa usinune wala usitupe fulana. Kaa karibu naye, muulize anaona nini pale uwanjani.