Hisabati chuo kikuu: Kuna kazi zaidi ya chaki

MZAZI wa Bahi au Chamwino anayeuza ng'ombe wawili ili mwanawe aende chuo kikuu hupiga hesabu kama mfanyabiashara yeyote: fedha hii itarudi lini? Mtoto akisema amechaguliwa kusoma Hisabati, wazazi wengi huguna. Wanajiuliza kama huko kuna kazi nyingine zaidi ya kushika chaki.

Kazi zipo, na wakulima wa Kanda ya Kati wana sababu ya kuzijua, kwa kuwa ardhi yao imewahi kuonyesha gharama ya kulima bila hesabu.

Somo la karanga za Kongwa

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Kongwa ilikuwa moja ya vituo vyake vya mwanzo. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta yaliharibika, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikutosha. Kumbukumbu za mvua za eneo hilo zilikuwa chache mno kuweza kubeba mpango wa ukubwa ule. Mradi ulifungwa mwaka 1951, na hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36.

Kupima mvua, udongo na hatari kabla ya kutoa fedha ni kazi ya mtu aliyesoma Hisabati na Takwimu.

Kazi zenyewe

Ya kwanza ni takwimu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), yenye makao makuu Dodoma, ndiyo inayosimamia sensa na kutoa mfumuko wa bei. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mfanyabiashara anayetaka kujua soko lake lina watu wangapi anategemea kazi hiyo. Wizara, halmashauri na vituo vya utafiti wa mazao navyo vinahitaji watakwimu.

Ya pili ni bima na mifuko ya pensheni. Huko wanatafutwa watakwimu bima, yaani wataalamu wa kukadiria hatari kwa namba. Tuseme mkulima hupoteza mtama wa sh 500,000 kila mvua inapokatika. Kama mvua hukatika mwaka mmoja kati ya mitano, hasara ya wastani ni sh 100,000 kwa mwaka. Kama ni mwaka mmoja kati ya kumi, wastani ni sh 50,000. Bima ikitoza chini ya hapo itafilisika, na ikitoza juu sana mkulima ataikimbia. Tangu makampuni ya bima nchini yalipoungana mwaka 2023 kutoa bima ya kilimo, swali hilo limekuwa la kila msimu.

Ya tatu ni mabenki na kampuni za simu, ambako hesabu huamua nani akopeshwe na kwa kiasi gani. Ya nne ni kutengeneza programu za kompyuta. Ya tano ni ualimu wenyewe, ambao haupaswi kudharauliwa: shule nyingi zina upungufu wa walimu wa Hisabati, na kwa miaka mingi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wamekuwa wakishindwa somo hilo.

Tahadhari kwa mzazi

Shahada peke yake haileti ajira mlangoni. Mhitimu aliyesoma nadharia tupu, asiyejua kuchambua takwimu kwa kompyuta wala kuandika ripoti inayoeleweka, anaweza kukaa nyumbani miaka. Na mwenye shahada ya Hisabati isiyo na masomo ya ualimu hawezi kuingia darasani moja kwa moja kama mwalimu. Atahitaji kwanza stashahada ya uzamili ya elimu.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu, mzazi na mtoto wakae chini. Waulize kozi ina mafunzo kwa vitendo kiasi gani, na wanafunzi hupelekwa wapi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo karibu. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika (EASTC) kimekuwepo tangu mwaka 1965. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao uingizwe kwenye hesabu, kwa sababu mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe.

Likizo nayo isipotee bure. Mwanafunzi akae na baba yake, waandike gharama za mbegu, palizi, magunia na usafiri hadi soko la Kibaigwa, kisha watoe kwenye mauzo. Familia nyingi zitagundua kuwa ekari waliyoiona ya faida ilikuwa ikiwala. Hapo ng'ombe wawili watakuwa wameanza kurudi kabla mtoto hajavaa joho.