Hewa ukaa kugeuzwa jiwe: Kwa nini neno 'kudumu' linazua ubishi kwenye mikutano ya tabianchi?

Karibu na Gilgil, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, kampuni ya Octavia Carbon imekuwa ikiendeleza mradi wa kunyonya hewa ukaa moja kwa moja kutoka hewani. Mpango ni kuisukuma hewa hiyo chini ya ardhi, kwenye miamba ya volkano, ili igeuke jiwe. Lengo la kuanzia ni tani 1,000 kwa mwaka.

Kazi hii ni ghali, na mwisho wa siku hakuna gunia la mahindi wala mfuko wa saruji wa kupeleka sokoni. Anayelipa analipia kitu kimoja tu: uhakika kwamba kaboni ile haitarudi tena angani.

Sasa, uhakika huo unapimwaje, na nani analipa? Majibu yanaandikwa mbali na Gilgil, kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa ya mabadiliko ya tabianchi, maarufu kama COP.

Uondoaji kaboni wa kudumu ni nini?

Fikiria mtumbwi unaovuja. Kuna kazi mbili: kuziba tundu, na kuchota maji yaliyokwisha kuingia.

Kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, mafuta na gesi ni kuziba tundu. Kuondoa hewa ukaa iliyokwisha kusambaa angani ni kuchota maji. Ukichota bila kuziba, unajichosha bure. Ukiziba bila kuchota, maji yaliyoingia yanabaki.

Usichanganye na malipo yanayotolewa kwa kulinda misitu. Kwa mfano, vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, Tanzania, vimekuwa vikipata fedha za kaboni kwa kuzuia msitu wa Ntakata usikatwe. Hiyo ni kuzuia kaboni isitoke. Kuondoa ni kuchukua ile ambayo tayari iko angani.

Kwa nini mti na mwamba si sawa?

Mti unaokua unanyonya hewa ukaa, tena kwa bei nafuu. Tatizo ni kwamba mti unaweza kuungua, kukatwa au kufa kwa ukame, na kaboni yake ikarudi angani. Wakati huohuo, sehemu ya hewa ukaa inayotoka kwenye magari na viwanda leo itabaki angani kwa maelfu ya miaka.

Mwamba una hesabu tofauti. Nchini Iceland, mradi wa Carbfix unayeyusha hewa ukaa kwenye maji na kuisukuma ndani ya miamba ya volkano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa iliyosukumwa iligeuka madini ndani ya muda usiozidi miaka 2. Jiwe haliungui.

Lakini kiwango bado ni kidogo mno. Mtambo wa Orca, uliozinduliwa Iceland mwaka 2021, ulibuniwa kunasa tani 4,000 kwa mwaka. Mammoth, uliofuata mwaka 2024, ulibuniwa kufikia tani 36,000. Gharama ya kunyonya tani moja kutoka hewani bado ni mamia ya dola za Marekani, wakati mwingine hata zaidi ya 1,000.

Ripoti ya kimataifa kuhusu uondoaji kaboni ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia inaondoa takriban tani bilioni 2 kwa mwaka, karibu zote kwa njia ya misitu. Njia mpya, ikiwemo mitambo, zilichangia tani milioni 1.3 tu. Yaani chini ya asilimia 0.1.

Mkataba wa Paris unasemaje?

Kifungu cha 4 cha mkataba huo wa mwaka 2015 kinazitaka nchi kufikia mizania kati ya gesi joto zinazotolewa na zile zinazoondolewa, katika nusu ya pili ya karne hii. Kifungu hicho hakisemi kaboni ikae muda gani ilikohifadhiwa.

Mwaka 2022, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilisema uondoaji kaboni haukwepeki kama dunia inataka kufikia mizania hiyo. Sababu ni kwamba kuna uzalishaji ambao ni mgumu kuumaliza wote, kama ule wa ndege, saruji na kilimo.

Mwaka uliofuata, uamuzi wa COP28 mjini Dubai ulitaja teknolojia za kuondoa kaboni miongoni mwa hatua ambazo nchi ziliombwa kuzichangia, hasa kwenye sekta ngumu.

Ubishi wenyewe uko wapi?

Uko zaidi kwenye Kifungu cha 6.4, kinachounda soko la kaboni chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh, Misri, mapendekezo kuhusu uondoaji kaboni yalirudishwa yakafanyiwe kazi upya. Mwaka 2023, waraka wa maandalizi wa Umoja wa Mataifa ulisema mbinu za kihandisi bado hazijathibitika kiteknolojia na kiuchumi, na kampuni za sekta hiyo zikaja juu. Dubai nako hawakuelewana.

Oktoba 2024, bodi inayosimamia soko hilo ilipitisha viwango vyake, na mwezi uliofuata COP29 mjini Baku ikavipokea. Viwango hivyo vinataka kaboni iendelee kufuatiliwa, na ikirudi angani, hasara hiyo ifidiwe.

Hata hivyo, maswali matatu yanaendelea kuwagawa wajumbe:

1. 'Kudumu' ni miaka mingapi? Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yake ya mwaka 2024, umesema ni karne kadhaa. Kipimo hicho kikitumika kila mahali, miradi mingi ya miti itaachwa nje, na nchi zenye misitu mikubwa zitapoteza mapato. Kikilegezwa sana, wanunuzi watalipia kaboni inayoweza kurudi angani kwa moto wa siku moja.

2. Je, ni kisingizio? Nchi za visiwa vidogo na wanaharakati wengi wanahofia wazalishaji wa mafuta wataendelea kuchimba huku wakiahidi kuondoa kaboni baadaye. Mashine za kesho zinaweza kugeuka ruhusa ya kuchafua leo.

3. Nani alipe? Sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyolundikana angani ilitoka kwenye nchi tajiri. Nchi zinazoendelea zinauliza: kwa nini gharama ya kuisafisha igawanywe sawasawa?

Afrika Mashariki inaingiaje hapa?

Kenya ina vitu viwili vinavyotafutwa: miamba ya volkano na nishati ya jotoardhi, inayozalisha takriban asilimia 40 ya umeme wake. Bila nishati safi, mashine ya kunyonya hewa ukaa haina maana.

Lakini kuna jambo ambalo halisemwi sana. Chini ya Kifungu cha 6, Kenya ikiuza tani kwa nchi nyingine ili itimize malengo yake, haiwezi tena kuihesabu tani hiyo kwenye malengo yake yenyewe. Tani moja haihesabiwi mara mbili. Nchi ikiuza tani zake rahisi mapema, inaweza kujikuta imebaki na zile za gharama kubwa.

Biashara ya namna hii imeshaanza Ulaya: mwaka 2025, Uswisi na Norway zilitia saini makubaliano yanayohusu uhifadhi na uondoaji wa kaboni.

Kuna pia suala la wananchi. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 inataka jamii zipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya kaboni inayotegemea ardhi, na asilimia 25 kwa isiyotegemea ardhi. Kwa hiyo mradi ukiwekwa kundi moja badala ya lingine, mgawo wa wenyeji unabadilika sana.

Bonde la Ufa lina kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 2014, familia za Wamasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa jotoardhi Olkaria, na baadhi yao wakafikisha malalamiko Benki ya Dunia.

Cha kufuatilia

Nchi inapotangaza lengo la 'sifuri', angalia kama imetenganisha namba mbili: inapunguza kiasi gani, na inaondoa kiasi gani. Baadhi ya wanasayansi wanataka kila moja iwe na lengo lake, ili ahadi ya kuchota maji isifiche tundu ambalo halijazibwa.

Na kwa mradi wowote utakaoletwa karibu na ulipo, uliza: kaboni itakaa wapi, kwa miaka mingapi, na ikivuja nani atalipa?