Kijerumani ni ndugu wa nani?



Katika familia nyingi hapa kambini utakuta mtoto anasoma Kiingereza, na baba alisoma Kifaransa kule kwetu. Nyingine zina ndugu aliyefika Ujerumani, na kila akipiga simu analalamika: lugha ya huku ni ngumu, haishikiki! Hebu mpelekeeni habari hizi. Mlango wa kuingilia anao tayari, ila hajauona.

Tuanze na tunachokijua. Mswahili anasema mtu, Mrundi na Mnyarwanda wanasema umuntu, mwenye Lingala anasema moto. Hakuna aliyemkopa mwenzake, ni watoto wa ukoo mmoja wa Kibantu. (Jina hilo nalo lilienezwa na Mjerumani, Wilhelm Bleek, katika kitabu chake cha mwaka 1862.)

Ulaya nako kuna koo. Kijerumani kimezaliwa tumbo moja na Kiingereza na Kiholanzi. Ukoo wao unaitwa Kigermaniki. Kifaransa na Kireno ni watoto wa Kilatini, kwa hiyo ni binamu tu. Wote hao, pamoja na Kirusi, Kiajemi na Kihindi, wana babu mmoja wa zamani sana, ukoo mkubwa wa Kihindi-Kiulaya. Lakini Kihungari na Kifini hazimo, ingawa nchi zao ziko Ulaya.

Sasa undugu huo utauonaje? Sauti hazibadiliki ovyo, zina njia zake. Penye t ya Kiingereza, mara nyingi Kijerumani kina s, au z inayotamkwa ts: water ni Wasser, eat ni essen, ten ni zehn. Penye p utakuta f au pf: ship ni Schiff, apple ni Apfel. Penye th ni d: three ni drei. Baba mwenye Kifaransa naye asikae kando. P yake ya mwanzo huwa f kwa hao ndugu wawili: pied, foot, Fuß, poisson, fish, Fisch, père, father, Vater (hiyo v husomwa f). Aliyeeleza kanuni hii vizuri mwaka 1822 ni Jacob Grimm, yule yule aliyekusanya hadithi za kale na mdogo wake Wilhelm.

Ila si kila neno linalofanana ni la damu. Shule yetu imetoka kwa Schule yao, enzi Wajerumani walipotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Mrundi anasema ishule. Hilo ni la kuazima, kama sufuria ya jirani, na wao wenyewe waliliazima kwa Kilatini. Ukitafuta undugu, tazama kwanza maneno ya mwili, ya hesabu, ya baba na mama.

Majina yao yana jinsia tatu: der, die, das. Waingereza zinawachosha. Sisi tuliozoea ngeli, kitu kizuri, vitu vizuri, mti mzuri, tatu zitatushindaje? Ingawa msichana, Mädchen, kuwekwa kwenye das, hapo hata mimi nashangaa.

Halafu kuna maneno ya kudanganya. Wer inasikika kama where, kumbe ni nani. Wapi ni wo. Na kubwa zaidi: kwa Kiingereza gift ni zawadi, kwa Kijerumani Gift ni sumu. Akina mama mlio huko au mnaosubiri safari, chupa yenye neno hilo iwekwe juu, mbali na watoto.