Minada ya vito: Hesabu ya mfanyabiashara wa Ifakara kabla ya nyundo kugonga

Kila mwaka minada mikubwa ya vito duniani huwa na misimu inayojulikana. Geneva huuza mwezi Mei na Novemba, na New York hufuata mwezi Juni na Desemba. Msimu wa kwanza huangukia wakati mpunga wa bonde la Kilombero unaingia maghalani na fedha za mavuno zinaanza kutafuta mahali pa kuwekwa.

Kwa mfanyabiashara wa Ifakara habari za Geneva si za mbali kama zinavyoonekana. Barabara inayotoka mjini na kuvuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli ndiyo inayokwenda Mahenge, wilayani Ulanga, ambako hutoka spineli na rubi zinazotafutwa na sonara wa Ulaya na Asia. Mwenye mtaji mdogo hujiuliza kama naye anaweza kununua jiwe huko na kulifikisha mnadani. Jibu ni kwamba inawezekana. Lakini faida au hasara ya biashara hiyo huamuliwa siku ya kununua, na nyundo ya dalali hutangaza tu matokeo.

MNADA WA NDANI

Desemba 2024 Wizara ya Madini ilirejesha minada ya madini ya vito kwa kuanzia Mirerani, mkoani Manyara, baada ya minada hiyo kusimama kwa miaka kadhaa. Zabuni zilipitishwa katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mfumo huo si mgeni kwa wakulima, kwa kuwa ndio unaotumika kuuzia mazao kama ufuta na kakao kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Gunia la ufuta lenye daraja fulani hufanana na gunia jingine la daraja hilo, na mnunuzi anaweza kuweka zabuni bila kuligusa. Mawe mawili ya spineli yenye uzito sawa, yaliyotoka shimo moja, yanaweza kupishana bei mara kumi kutokana na rangi, usafi wa ndani na umbo. Ndiyo maana mnunuzi wa vito hutakiwa kuona mali kwa macho yake kabla ya siku ya zabuni, na asiyejua kuangalia huenda na anayejua.

Nje ya minada, biashara ya kila siku hufanyika katika masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini tangu mwaka 2019, baada ya mkutano wa Rais John Magufuli na wachimbaji wadogo uliofanyika Januari mwaka huo. Mahenge nayo ina soko lake. Humo jiwe hupimwa, huthaminiwa na kuandikiwa karatasi. Mrabaha wa serikali kwa vito ghafi ni asilimia 6 ya thamani, ada ya ukaguzi ni asilimia 1, na juu yake upo ushuru wa huduma wa halmashauri.

Anayenunua na kuuza madini hutakiwa kuwa na leseni, ama ya mfanyabiashara mkubwa (dila) ama ya broka. Asiye na leseni anayenunua jiwe kwenye kona ya stendi, hata kama jiwe ni la kweli, amenunua mali asiyoweza kuipeleka mnadani. Halina karatasi ya asili yake, na mbele ya sheria yeye ndiye mwenye kosa.

SPINELI YA MAHENGE

Kwa miaka mingi spineli iliishi kwenye kivuli cha rubi. Jiwe kubwa jekundu lililo katika taji la kifalme la Uingereza, lenye uzito wa karati 170 hivi, liliitwa rubi kwa karne nyingi hadi wataalamu walipothibitisha kuwa ni spineli.

Mambo yalibadilika mwaka 2007 yalipochimbwa mawe makubwa kupita kiasi Ipanko, karibu na Mahenge, mojawapo likiwa na uzito unaozidi kilo 50. Sehemu kubwa ya mawe hayo haikuwa safi, lakini vipande safi vilivyopatikana vilitoa vito vya rangi ya waridi iliyokolea na kuingia wekundu, yenye kung'aa sana. Tangu hapo jina la Mahenge limekuwa likiandikwa katika vyeti vya maabara na katika katalogi za minada kama jina la kuongeza bei.

Jambo jingine linaloisaidia spineli ni kwamba kwa kawaida haipashwi moto ili kuboreshwa rangi. Rubi nyingi hupashwa moto. Rubi isiyopashwa, yenye cheti cha kuthibitisha hivyo, huuzwa kwa bei ya juu zaidi.

BEI YA KUTANGAZWA NA BEI YA KULIPWA

Wawekezaji wengi hupotezwa na bei wanazosikia. Inafaa kutenganisha bei za aina tatu.

Ya kwanza ni bei ya kutangazwa. Aprili 2022 rubi ghafi yenye uzito wa kilo 2.8, iliyoelezwa kuwa imetoka Tanzania, ilioneshwa Dubai kwa jina la Burj Alhamal, na wenye nayo wakataja thamani ya dola milioni 120. Habari hiyo ilizua mjadala mkubwa nchini. Lakini dola milioni 120 ilikuwa bei iliyotamkwa na wauzaji kabla ya mnada, si fedha iliyotolewa na mnunuzi. Mchimbaji au broka anayepima jiwe lake kwa bei ya namna hiyo hupima kwa kipimo kisicho na mizani.

Ya pili ni makadirio ya nyumba ya mnada. Haya huchapishwa katika katalogi, na mara nyingi huwekwa chini kidogo ili kuvuta washindani. Septemba 2015, katika mnada wa Bonhams mjini London, spineli ya karati 50.13 ijulikanayo kama Hope ilikadiriwa pauni 150,000 hadi 200,000 na ikauzwa pauni 962,500. Jiwe hilo lilikuwa na historia ya wamiliki maarufu tangu karne ya 19, na historia hiyo nayo ilinunuliwa.

Ya tatu ni bei iliyolipwa. Juni 2023, katika mnada wa Sotheby's mjini New York, rubi ya karati 55.22 iitwayo Estrela de FURA ililipiwa dola milioni 34.8. Ilikatwa kutoka jiwe ghafi la karati 101 lililochimbwa Montepuez, nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Hiyo ni bei ya kweli, lakini ni ya jiwe moja kati ya mamilioni ya mawe yaliyochimbwa. Haiwi kigezo cha kununulia jiwe la gramu tatu lenye nyufa.

Katika kusoma bei iliyolipwa, mfanyabiashara akumbuke kuwa ndani yake mna kamisheni ya mnunuzi, ambayo kwenye nyumba kubwa na kwa mali ya bei ya kawaida ni takriban robo ya bei ya nyundo. Muuzaji haioni fedha hiyo. Yeye hupokea bei ya nyundo, na mara nyingi naye hukatwa kamisheni yake pamoja na gharama za bima na picha. Aidha, muuzaji huweka bei ya chini ya siri. Zabuni zisipoifikia, mali hurudi kwa mwenyewe, na jiwe lililokataliwa hadharani huwa gumu kuuzika kwa muda.

HESABU YA KURUDI NYUMA

Njia salama ya kununua jiwe ghafi ni kuanza na bei ya mwisho na kurudi nyuma hadi shimoni. Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, wala si bei ya soko.

Broka ananunua spineli ghafi ya gramu 10 kwa sh. 5,000,000, tozo zikiwa ndani. Kukata na kung'arisha kunagharimu sh. 500,000. Nauli, bima na cheti cha maabara ni sh. 1,000,000. Jumla ni sh. 6,500,000.

Gramu moja ni karati 5, kwa hiyo jiwe ghafi lina karati 50. Kazi ya kukata hula sehemu kubwa ya jiwe. Likibaki robo, atapata karati 12.5, na kila karati itakuwa imemgharimu sh. 520,000. Mkataji akikuta ufa ndani na kubakiza asilimia 15 tu, karati zitakuwa 7.5, na gharama ya kila moja itapanda hadi karibu sh. 867,000. Jiwe ni lile lile na fedha ni zile zile, lakini ufa ambao haukuonekana siku ya kununua umepandisha gharama kwa theluthi mbili.

Akiuza kwa mnada unaomkata muuzaji asilimia 10, nyundo inapaswa kugonga kwenye sh. 7,222,000 ili arudishe mtaji wake bila senti ya faida. Na fedha hizo zitakuwa zimelala kwa miezi kadhaa, wakati mpunga ulionunuliwa kwa mtaji huo ungekuwa umekwishauzwa.

Hivyo swali la kwanza halipaswi kuwa "jiwe hili litauzwa kiasi gani?" bali "likiharibika nusu, bado nitarudisha mtaji?" Jibu likiwa hapana, bei inayotakiwa na muuzaji ni kubwa mno. Wenye mitaji midogo wanaweza kuungana watatu au wanne, kwa maandishi, wakanunua mawe kadhaa badala ya moja, ili moja likipasuka mengine yabebe hasara.

HELA ZA MJERUMANI NA VITU VYA KALE

Minada ya nje haiuzi vito peke yake. Huuza pia sarafu, picha na vitu vya kale, na baadhi ya vitu hivyo hupatikana katika nyumba za bonde hili.

Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi ilipoanguka Oktoba 1917, na sarafu zao bado hufukuliwa mashambani. Neno "hela" lenyewe limetokana na sarafu yao ndogo. Hela za shaba zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita zilikuwa nyingi, na bei yake kwa watunzaji ni ndogo. Rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka huohuo, ni 16,198 tu, na huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo nakala za bandia ni nyingi. Kipimo cha kwanza ni mizani, kwani sarafu halisi ina gramu 7.17 hivi. Sarafu ya kale haisuguliwi kwa mchanga wala dawa, kwa kuwa kuing'arisha huishusha bei.

Kwa upande wa picha, kazi za mkono wa Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, ni chache, kwa kuwa alichora kwa miaka michache tu. Picha za mtindo wake zilizochorwa na wengine ni maelfu. Sahihi peke yake haitoshi. Wanunuzi hudai kujua picha ilinunuliwa wapi, lini na nani.

Kuna vitu ambavyo havifai kuguswa. Pembe za ndovu, hata bangili na vinyago vya zamani, ni mali ya hatari. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na nyumba za minada za Uingereza zimebanwa zaidi tangu sheria ya pembe ilipoanza kazi Juni 2022. Vilevile, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kutoa nje ya nchi masalia na vitu vinavyolindwa bila kibali. Mwenye kitu cha kale aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kumwonesha mnunuzi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mnunuzi wa vito anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Jiwe liangaliwe mchana, nje, kisha kivulini, na si chini ya taa ya muuzaji. Taa ya njano huipendezesha rangi nyekundu.

Rubi na spineli za kiwandani zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 100. Jiwe safi kabisa, kubwa na la bei nafuu litiliwe shaka. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha hutoa mafunzo ya utambuzi na ukataji, na maabara ya nje inayotambulika hutoa cheti kinachokubalika minadani.

Uzito upimwe mbele ya wote wawili kwenye mizani ya soko la madini, na risiti zitunzwe. Karatasi ya asili ya jiwe ni sehemu ya bei yake.

Tarehe na masharti ya minada ya ndani hutolewa na Tume ya Madini. Dhamana, muda wa kulipa na utaratibu wa kuona mali visomwe kabla ya kuweka zabuni, kwa kuwa mshindi asiyelipa hupoteza haki yake.

Mwisho, mfanyabiashara aandike bei yake ya juu kwenye karatasi kabla ya kuingia mnadani, na asiivuke. Mwenye mtaji wa mpunga akikosa jiwe leo, bado ana mtaji wa kununulia jingine kesho.