Ufukwe wa Bwejuu na gharama ya cha juu

Mgeni anayeshuka ufukweni Bwejuu asubuhi, maji yamekupwa na akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, hafiki mbali kabla hajasalimiwa. Baada ya salamu huulizwa anatoka nchi gani, na akijibu tu huanza kutajiwa safari: Mnemba kuogelea na samaki, Kizimkazi kutazama pomboo, Jozani kuona kima punju, au boti ya kwenda Blue Lagoon upande wa Michamvi. Akikataa, papasi, yaani kijana anayewanadia wageni safari ufukweni, humfuata hatua kadhaa huku akishusha bei, kisha humwachia mwenzake aliye mbele, naye huanza upya kunadi safari ileile kwa bei nyingine. Malalamiko ya wageni juu ya usumbufu huu ni ya miaka mingi, na jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba vijana wafundishwe adabu, na wasiosikia waondolewe. Jibu hilo haligusi shina la tatizo. Papasi anamganda mgeni kwa sababu ya namna anavyolipwa, na malipo hayo yasipobadilika hakuna semina wala doria itakayoutuliza ufukwe.

Papasi hana mshahara, na kwa kawaida boti si yake. Mwenye boti humtajia bei ya chini, na chochote anachopata zaidi ya hapo ni chake. Hicho ndicho cha juu. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mwenye boti anataka dola 20 kwa kichwa, papasi anaanzia 50, wanapatana na mgeni kwa 35. Papasi anaondoka na 15, na zile 20 zinalipa petroli, nahodha, mabaharia, matengenezo ya injini na maboya ya kujiokolea. Siku asipopata mtu, papasi hana hata nauli ya daladala. Mgeni mwenyewe ataondoka baada ya siku chache na pengine hatarudi tena, kwa hiyo hasara ya kumchukiza haimwangukii aliyemchukiza bali kijiji kizima. Ongeza na msimu: kuanzia Julai hadi Oktoba na karibu na mwaka mpya kuna neema, lakini masika ikiingia ufukwe unabaki mtupu, na chakula cha miezi hiyo lazima kiwe kimekwisha kutafutwa. Katika hali hiyo hata mtu mpole kwa tabia atajifunza kutokubali neno hapana.

Mambo haya hayakuanzia Zanzibar. Wauzaji wa magari Marekani nao wamezoea kulipwa kwa kamisheni, na katika miaka ya 1950 mnunuzi wa gari jipya hakuwa na njia rahisi ya kujua bei iliyopendekezwa na kiwanda, hivyo muuzaji alitaja aliyotaka. Mwaka 1958 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyoamuru kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei ya kiwanda. Magari yaliyotumika hayakuguswa na sheria hiyo, na ni hayo ambayo mwanauchumi George Akerlof aliyachambua mwaka 1970 katika makala iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya wastani, iliyo chini ya thamani ya gari zima, na mwenye gari zima hujitoa sokoni. Ndivyo ilivyo Bwejuu. Boti yenye maboya ya kutosha na nahodha anayeujua vizuri mlango wa mwamba haina tofauti, mdomoni mwa papasi, na boti isiyo na kitu. Mgeni hushindania bei tu, au huogopa zote mbili na kununua safari yake kwenye meza ya hoteli, au kabla hajaondoka Ulaya. Fedha hizo hupita juu ya kijiji. Zanzibar ilipokea watalii chini ya 50,000 mwaka 1990 na zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na kila anayefunga mkoba wake kwa hofu ya kusumbuliwa ni hasara kwa nahodha mwaminifu.

Watu watasema kupatana bei ni desturi yetu, na kwamba anayekuja Zanzibar aizoee. Ni kweli ni desturi, lakini tazama inavyofanya kazi katika soko la Darajani mjini. Anayenunua samaki pale anajua jana pweza aliuzwa kiasi gani, anajua kumkagua, na muuzaji anajua kwamba akimlangua leo, kesho mnunuzi atakwenda meza ya pili. Ujuzi huo na kurudi huko ndiko kunakoyafanya mapatano yawe ya haki. Mgeni wa Bwejuu hana hata kimoja. Wengine hulaumu vijana wanaotoka bara au vijiji vya mbali, eti wenyeji wasingefanya hivyo. Sioni ushahidi wa hilo. Mwenyeji anayelipwa kwa cha juu naye anafukuzia wageni vilevile. Kuhusu leseni, Sheria ya Utalii ya mwaka 2009 ipo, na waongoza watalii wanatakiwa wasajiliwe. Leseni inasema nani auze. Haisemi alipweje.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba bei ya wazi itamnyang'anya kijana maskini riziki yake na kuzineemesha hoteli. Hofu hii inastahili kujibiwa kwa mfano halisi, na Gambia inao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakamuaji juisi, wauza matunda na waongoza wageni wa fukwe za huko, waliokuwa wakilalamikiwa kama hawa wetu, walikaa pamoja na hoteli na Serikali. Wakaandika kanuni zao wenyewe, wakavaa vitambulisho, wauzaji wakapata vibanda, na wakakubaliana kuacha kumfuata mgeni. Mapato ya wakamuaji juisi yalipanda zaidi ya maradufu, na ya waongoza wageni yakaongezeka kwa takriban theluthi moja. Mgeni aliyeacha kuogopa alitoka hotelini na kununua.

Wenye boti wa Bwejuu hawana haja ya kusubiri sheria mpya. Kabla msimu wa Julai haujaanza, wakae na sheha na Halmashauri ya Wilaya ya Kusini, wakubaliane bei moja kwa kila safari na waiandike kwenye ubao kila panapoingilia watu ufukweni. Kisha papasi alipwe na mwenye boti fungu linalojulikana kwa kila mgeni anayemleta, kwa zamu, badala ya kujikatia mwenyewe kwenye mfuko wa mgeni. Hoteli nazo ziwaeleze wageni wao ubao huo ulipo, na ziache kuwatisha juu ya watu wa kijiji ambacho zimejengwa ndani yake.